Picha ya Marangu chini ya mti wa Old Moshi

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilipokea ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa mzee mmoja wa Marangu ambaye hatujawahi kuonana ana kwa ana. Alianza taratibu kama wanavyoanza wazee wa kwetu: salamu, habari za wazazi, habari za baridi ya huku mjini (Moshi mwezi wa saba nayo ina baridi, asikudanganye mtu). Dakika ya pili ndipo akafika kwenye shida yake. "Mwanangu, nimeiona kazi yako kwenye simu ya mjukuu. Umejitahidi. Lakini kwa nini umemtundika babu yetu?"

Nilisikiliza mara tatu. Sikuwa nimemtundika mtu.

Kazi aliyoisema ni ukurasa mmoja mrefu wa mtandaoni niliokuwa nimeutengeneza usiku usiku, baada ya kazi ya kuniweka mjini. Ulihusu historia ya Old Moshi, kuanzia kifo cha Mangi Rindi mwaka 1891 hadi mwaka 1911, reli ya kutoka Tanga ilipofika huku chini kwenye tambarare na mji wa Moshi tunaoujua ukaanza kukua hapa, ukaiacha Old Moshi juu mlimani na jina lake la Kiingereza. Kwenye laptopu yangu ukurasa ulipendeza kweli. Safu mbili: kushoto masimulizi, kulia picha za watawala wa majirani. Pale masimulizi yalipofika tarehe 2 Machi 1900, siku Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, wakiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho, upande wa kulia ilianzia picha ya Mangi Marealle wa Marangu. Nilimweka hapo kwa sababu nafasi ilikuwepo. Sikuwa na sababu nyingine.

Nikachukua simu, nikafungua ukurasa wangu mwenyewe kama msomaji. Simu haina upana wa kubeba safu mbili. Inazivunja, inazipanga moja chini ya nyingine kama sahani kabatini. Na kwa jinsi nilivyokuwa nimeandika msimbo, kila kipande cha maneno kilifuatwa na kipande cha picha kilichokuwa ubavuni mwake. Kwa hiyo ukisoma kwenye simu, unasoma sentensi ya kunyongwa kwa Meli, unashusha kidole, na uso wa Marealle unajaa skrini nzima. Jina lake liko chini ya picha, kwa herufi ndogo, hulioni mpaka ushushe tena.

Hapo msomaji ana njia mbili. Ama aamini kwamba aliyenyongwa ndiye huyu, ama aamini kwamba aliyemnyongesha ndiye huyu. Mzee wa Marangu alielewa ile ya pili, na hakuwa na makosa. Kathleen Stahl, katika kitabu chake cha 1964 kuhusu historia ya Wachagga, anaeleza kwa kirefu ushindani kati ya Marangu na Moshi, na jinsi Marealle alivyojua kuwatumia Wajerumani dhidi ya wapinzani wake. Ukipanda Old Moshi, habari hiyo husimuliwa bila neno "huenda" hata moja. Ukienda Marangu utasikia habari ya mtawala aliyeona nguvu mpya imeingia mlimani akatafuta namna ya kupita nayo. Watu wameyabishania haya kwenye misiba na kwenye vikao vya harusi kwa zaidi ya miaka mia. Na mimi, kwa kutojua safu zinavunjikaje kwenye simu, nilikuwa nimetoa hukumu bila kuandika neno lolote la hukumu.

Nimeanza na aibu hii kwa sababu wakati ule ule nilikuwa nasoma kitabu ninachotaka kukizungumzia hapa, *Digital History* cha Daniel J. Cohen na Roy Rosenzweig. Kilitoka Marekani mwaka 2005, na kinasomeka chote bure mtandaoni, jambo ambalo kwa mtu wa mshahara wangu si dogo. Wote wawili walikuwa wanahistoria wa George Mason University, kwenye kituo alichokianzisha Rosenzweig mwaka 1994. Rosenzweig alifariki 2007. Kitabu kina sura nane, kutoka namna ya kuanza hadi namna ya kuhifadhi, na katikati kuna sura ya muundo, ile iliyonivuta.

Kwanza nikisifu. Ni kitabu cha watu waliochafua mikono. Katika utangulizi wanataja faida saba za kuweka historia mtandaoni na hatari tano, na ukisoma unaona hizo hatari zimewaumiza wenyewe: ubora wa habari, kazi kutodumu, ugumu wa kusoma kwenye skrini, msomaji kugeuzwa mtazamaji tu, na wale ambao mtandao hauwafikii kabisa. Hawana ile sauti ya wauza teknolojia wanaokuambia kila kitu kitabadilika kesho. Wanaandika kama walimu wa historia ambao mtu amewaomba watengeneze tovuti, wakaitengeneza, ikaharibika, wakaitengeneza tena.

Kimezeeka, hilo halifichiki. Kilitoka miaka miwili kabla ya iPhone. Neno la Kiingereza la tovuti inayojipanga upya kulingana na upana wa skrini lilitungwa na Ethan Marcotte mwaka 2010. Kwa hiyo kosa langu la safu mbili halimo ndani, wala sitawadai waandishi walionye jambo ambalo halikuwepo. Ukurasa wa 2005 ulikuwa na upana wake, mtu alikaa mbele ya kompyuta mezani, akausoma kama gazeti. Huku kwetu wengi hawakupitia hiyo kompyuta ya mezani. Walitoka redioni na gazetini moja kwa moja hadi simuni. Msomaji wa historia ya Kilimanjaro, akiwa Kilimanjaro, anasoma kwenye kitu kipana kama kiganja.

Kilichonisaidia zaidi kilitoka kwa mwandishi mwingine, Robin Williams (mwanamke, si yule mchekeshaji), ambaye mwaka 1994 aliandika kitabu kidogo cha muundo kwa watu wasio wabunifu. Ana kanuni nne. Tofauti: vitu visivyo sawa vionekane havifanani kweli kweli. Mrudio: alama ile ile irudi ili msomaji ajue bado yuko mahali pale pale. Mstari: kila kitu kishikamane na ukingo fulani, kisielee. Na ukaribu: vinavyohusiana vikae pamoja, visivyohusiana vitengwe. Tatu za kwanza unajifunza kwa wikendi moja. Unapunguza fonti kutoka tano hadi mbili, unaacha kuweka kila kitu katikati kama kadi ya mchango, na tayari ukurasa unaanza kupumua.

Ya nne ndiyo ngumu. Williams anaieleza kama jambo la kumrahisishia msomaji: namba ya simu ikae karibu na jina la mwenye simu. Kwenye kadi ya biashara inatosha hivyo. Kwenye historia, jicho likikuta vitu viwili jirani linaunganisha, halisubiri ushahidi. Ukiweka kitu karibu na kitu umeshadai kuwa vinahusiana, na dai lenyewe halina sentensi ambayo mtu anaweza kuinukuu akakupinga. Mzee wa Marangu hakuweza kuniambia "futa mstari wa tisa". Mstari haukuwepo.

Tangu siku hiyo sisomi tena ukurasa wa historia bila kuuliza nani amewekwa jirani na nani.

Chukua hazina ya picha ninayoipenda kuliko zote, International Mission Photography Archive, iliyoko kwenye maktaba ya kidijitali ya University of Southern California. Humo mna picha za mashirika mengi ya kimisionari, likiwemo la Leipzig, ambalo wamisionari wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanzia Machame, kisha Mamba mwaka 1894, na Moshi mwaka 1896. Ni mali kubwa. Kabla yake, kuona picha hizi kulihitaji viza. Sasa unaziona ukiwa umekaa stendi unasubiri gari la Kibosho.

Fungua picha mojawapo, lakini safari hii usitazame picha, tazama kilichoizunguka. Juu kuna jina la picha: watu wa aina gani, nchi gani, kati ya mwaka gani na gani. Nchi inayotajwa ni Tanzania hata kama picha ilipigwa 1904, miaka sitini kabla neno Tanzania halijatungwa. Kisha yanafuata maelezo kwa Kiingereza, mpiga picha kama anajulikana, shirika, mahali nakala halisi inapotunzwa, masharti ya matumizi. Aliyepigwa picha, kama si mangi wala mwalimu wala mchungaji, mara nyingi ni mwanamke, ni mzee, ni watoto wa shule. Wenye majina wapo, na nikimkuta mmoja nafurahi kama niliyeokota hela. Lakini mpangilio wenyewe unakwambia nani ni mtu na nani ni mandhari. Jina lililo jirani zaidi na uso wa mama aliyebeba mkungu wa ndizi ni la mwanamume aliyeshika kamera.

Siwezi kuwalaumu kirahisi walioandika kumbukumbu hizo. Walikuta kilichoandikwa nyuma ya picha au pembeni ya albamu, wakakiheshimu, na kukiheshimu ndiyo kazi yao. Wangeanza kubuni majina, tungewalaani. Ninachosema ni kwamba muundo wa ukurasa umerithi albamu ya mmisionari, na albamu ilikuwa barua ya kwenda Leipzig. Iliandikwa imsaidie muumini wa Saxony atoe sadaka. Tukiisoma leo tukiwa Kidia au Mamba tunasoma barua ya watu wengine, ingawa waliomo ni sisi.

Halafu kuna kasha la kutafutia. Tovuti nyingi za hazina zinakupokea kwa kasha tupu, na kasha tupu linadhani tayari unajua unachokitafuta kinaandikwaje. Mjerumani aliandika Moschi, aliandika Dschagga, aliandika Madschame. Mwanafunzi wa Machame akiandika Machame kwenye hazina ambayo haikuunganisha tahajia hizo, atapata nusu ya kijiji chake. Cohen na Rosenzweig wanasema mengi mazuri kuhusu kumfikiria msomaji, lakini mifano yao mingi ni ya Marekani, na msomaji wao anasoma lugha ile ile iliyoandikwa ukurasa. Msomaji ambaye jina la nyumbani kwao lina tahajia tatu, na zote tatu zilichaguliwa na wageni, hakuwafikia mezani.

Sura yao ninayoipenda kuliko hata ile ya muundo ni ya kukusanya historia mtandaoni. Kituo chao kilishiriki kujenga hazina ya kidijitali ya shambulio la Septemba 11, ambapo watu wa kawaida walituma kumbukumbu na barua pepe zao, na mwaka 2003 Library of Congress ikaipokea. Mantiki yake ni rahisi: wenye habari wako nje ya maktaba, basi wafungulie mlango. Nilipomwonyesha mama mmoja wa Kidia picha ya wanafunzi wa zamani kwenye simu yangu, hakusema lolote kuhusu wanafunzi. Aliivuta kwa vidole viwili hadi pembe ya juu, kwenye mlima wa nyuma, akasema hapo ni juu kidogo ya mfongo, maji yalikuwa yanapita kushoto, si kulia kama sasa. Alitambua mahali kwa umbo la mgongo wa mlima na njia ya mfereji. Maarifa hayo yalitakiwa yakae karibu na picha ile. Mimi niliyaandika kwenye daftari, na daftari liko kwenye droo.

Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin inayotunza mafuvu yaliyokusanywa Afrika Mashariki enzi za ukoloni ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi yake na familia zilizo hai hapa Tanzania. Fuvu moja lilikuwa na jina: Akida, mshauri wa Mangi Meli. Watu waliupokea ushindi huo kama wa maabara, na ni kweli maabara ilifanya kazi yake. Lakini kulikuwa na jina lililobaki karibu na mfupa kwa zaidi ya miaka mia moja, na jina hilo liliwaonyesha watafiti waende kumuuliza nani. Mengine mengi yalibaki na jina la mkusanyaji na namba. Kichwa cha Meli mwenyewe, ambacho familia inaamini kilipelekwa Ujerumani, hakijapatikana. Mnapanga kadi kwenye kabati, mnaona ni kazi ya karani tu, kumbe mnaamua nani atarudi nyumbani.

Msomaji wa riwaya atakumbuka mwisho wa *Afterlives* ya Abdulrazak Gurnah, pale mpwa anapokwenda Ujerumani na kuanza kumfuatilia mjomba wake kwenye hifadhi za nyaraka. Mapitio mengi niliyosoma yanausifu mwisho ule kwa ukimya wake, na wengine wanalalamika kwamba umekwenda haraka. Mimi nadhani haraka ile ni sahihi. Baada ya mamia ya kurasa za kuishi na mtu, habari zake zinarudi kwa ukubwa wa karatasi za ofisi. Hivyo ndivyo hifadhi inavyosimulia. Kama unajifunza kutengeneza tovuti ya historia, anza na sura hiyo kabla ya kujifunza rangi.

Kuhusu tovuti za watalii sitasema mengi, maana ni kama kupiga ngoma iliyokwisha kupasuka. Historia ya mlima kwao ni ukurasa mmoja: Rebmann aliona theluji 1848, Meyer na Purtscheller walifika kileleni 1889, kisha kitufe kikubwa cha rangi ya machungwa cha kulipia safari. Hata hapo kanuni ya ukaribu inafanya kazi. Yohani Kinyala Lauwo, kiongozi wa Marangu anayetajwa kwenye safari ile ya 1889, huwekwa jirani na habari za wapagazi na bakshishi, si jirani na Meyer. Angalia, utaona.

Nirudi kwenye mambo madogo ya ufundi, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha zaidi na vitabu huyapita haraka.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa na megabaiti nne. Ukurasa mzima ulizidi thelathini. Kwa mtu aliyejiunga bando la siku, historia ya Old Moshi ilikuwa inamla bando lote, na kama yuko bondeni, nyuma ya mgongo wa mlima ambako mtandao unakuja na kuondoka, hakuona chochote ila visanduku vya kijivu. Nilizipunguza picha zote hadi chini ya kilobaiti mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba hazionekani vizuri.

Lakini visanduku vya kijivu vilinipa somo lingine. Picha isipofunguka, kivinjari kinaonyesha maandishi mbadala, yale maneno unayoyaficha ndani ya msimbo kwa ajili ya msomaji asiyeona na kwa ajili ya picha iliyokwama. Miongozo ya kimataifa imeyadai tangu 1999. Wengi huyaacha tupu au huandika "picha 3". Mimi nilikuwa nimeandika "picha ya zamani", ovyo kabisa. Nilipokaa kuyaandika upya niligundua kwamba sijawahi kuitazama hata moja ya picha nilizozichapisha.

Jaribu mwenyewe. Chukua picha ya 1900 na kitu, iandike kwa sentensi mbili kwa mtu ambaye hataiona. Huwezi kusema "Wachagga wakiwa nyumbani", kwa sababu hilo hulioni, umeambiwa. Unachoona ni wanaume watano, mmoja amekaa kwenye kiti, wanne wamesimama. Kiti ni cha Kizungu. Aliyekaa amevaa koti juu ya shuka. Wa mwisho kulia hatazami kamera, anatazama kitu kilicho nje ya picha, na mkono wake umefumbwa. Nilitumia dakika arobaini kwenye picha hiyo. Miaka mitatu chuoni sikupewa zoezi la uhakiki lililonibana kiasi hicho, na mwalimu wangu wa fasihi, kama anasoma hapa, anisamehe. Maandishi mbadala yanakukataza kutafsiri kabla hujatazama. Ningekuwa na uwezo, ningeyatoa mafichoni nikayaweka juu ya kila picha, karibu na uso, na jina la mpiga picha nikalishusha chini kabisa.

Nimeshafanya hivyo, kwa kweli, kwenye ukurasa wangu. Kwanza maneno ya kinachoonekana, kisha jina la mtu kama linajulikana, na kama halijulikani, nafasi iliyoachwa wazi yenye mstari, kama fomu inayosubiri kujazwa. Rafiki yangu mmoja anayetengeneza tovuti kwa kazi aliniambia huo mstari mtupu unaonekana kama kosa. Nikamwambia sawa, na uonekane hivyo.

Marealle je? Nilimpigia mzee simu badala ya kumjibu kwa ujumbe, maana kuna mambo hayajibiwi kwa maandishi. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akaniuliza kama kwetu bado tuna masale. Nikasema tunayo, mpakani na kwa jirani. Asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kuonyesha mwisho wa kihamba cha huyu na mwanzo wa kihamba cha yule. Jani lake pia ndilo unalopeleka unapokwenda kuomba msamaha, na ukipelekewa isale ni vigumu sana kukataa. "Basi," akasema, "ungeweka isale pale katikati." Sijui alikusudia mpaka au msamaha. Nilidhani anatania, lakini usiku nilipokaa kwenye msimbo nikaona mzee amenipa jibu la kiufundi ambalo mafunzo ya mtandaoni hayakunipa: nafasi. Kipande cha weupe kirefu kuliko skrini ya simu, kati ya sentensi ya tarehe 2 Machi na jambo lolote linalofuata. Ukishusha kidole unapita mahali patupu kabla hujakutana na mtu mwingine.

Picha ya Marealle niliitoa pale nikaipeleka kwenye ukurasa wake, na simulizi zote mbili nikaziweka: ya Old Moshi na ya Marangu, kila moja na kijiji inakosimuliwa, na ya Stahl kwa mwaka wake. Nilifikiria kuziweka safu mbili, bega kwa bega, ili zionekane sawa. Kisha nikakumbuka simu. Kwenye simu moja lazima itangulie. Nimechagua itangulie ile ya Marangu kwa kuwa ukurasa ni wa mtawala wa Marangu, na nimeandika waziwazi hapo juu kwamba huo ni uchaguzi wangu na sababu yake ni hiyo.

Mzee ameridhika. Lakini wiki mbili baadaye kijana mmoja wa Old Moshi aliniandikia, kwa adabu lakini kwa ukali, akiuliza imekuwaje Marealle apewe ukurasa wake mzima, na Meli, aliyenyongwa, abaki anagawana ukurasa na reli ya Tanga. Nimefungua msimbo tangu juzi. Swali lake ni la haki na bado sijapata pa kumweka.